Easter na Sanduku la Leso

Ukitaka kugombana na Easter, mwambie mbaazi zake leo hazina nazi. Atakunyang'anya sahani, amwage ulichobakiza kwenye ndoo ya kuku, kisha akuonyeshe njia ya kwenda kwa wauzaji wengine. Nimemwona akimfanyia hivyo askari wa kaunti mwenye sare na kirungu, na kesho yake askari yule yule alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kofia mkononi. Mimi ni jirani yake. Naitwa Zipporah, nashona nguo hapa Kibarani, na cherehani yangu iko ukuta mmoja na jiko lake. Watu husema Easter ana mdomo. Mimi nasema bora anao, maana bila huo mdomo wangekuwa wamemmaliza zamani.

Kwao ni Mnarani, ng'ambo ya pili ya daraja. Mama yake, Kahonzi, anasuka makuti. Huyu Kahonzi aliwahi kuolewa huko bara, akazaa wana wawili wa kiume, na wote wawili walifariki wangali wachanga, macho manjano kama bizari. Kisha akamzaa Easter, mtoto wa kike, akawa mzima. Lakini watu wa mumewe walikuwa wamekwisha kusema lao: mwanamke huyu anakula wana. Akarudishwa kwao na mtoto mgongoni. Tangu hapo Kahonzi amekuwa mtu wa sauti ndogo, mtu wa kukaa pembeni arusini, wa kuuliza kwanza kama anaruhusiwa kumshika mtoto wa mtu. Mimi huona kwamba Easter alichukua sauti yake mwenyewe na ya mamake pia, na anazitumia zote mbili.

Aliolewa na Dena, dereva wa lori la maziwa huko Mariakani, kijana mpole anayerudi nyumbani mwisho wa juma na kulala hadi mchana. Kwao Dena ni njia ya Ganze, boma kubwa la watu wa mahindi na mbuzi. Baba yake, mzee Sanga, alikwisha kufariki, na tangu hapo mkuu wa boma ni baba yake mdogo, Jefwa. Huyo ni mtu wa amri. Akisema jambo limekwisha, limekwisha. Kuna kitu kimoja tu duniani kinachomshinda, nacho ni kamba, hawa kamba wa baharini. Akionja mmoja, midomo inavimba na pumzi inambana, na aliwahi kupelekwa hospitali ya Kilifi akiwa amebebwa kwa sababu ya kijiko kimoja cha mchuzi. Kwa hiyo kamba hawaingii katika boma lile, hata kwa arusi, na sijawahi kusikia mtu akinung'unika.

Kisha kuna mavyaa wake Easter, mama mzazi wa Dena, ambaye sisi sote tunamwita Mama Dena. Ni mwanamke msafi kupita kiasi, mwenye kufagia uwanja ambao tayari umefagiwa. Ana sanduku la bati, la rangi ya kijani, limejaa leso mpya, doti kwa doti, alizozikusanya tangu usichana wake. Hazivaliwi hizo. Ni za wajukuu. Desturi ya nyumba ile ni kwamba mwana wa kiume akipata mtoto, mtoto huyo afungwe leso iliyotoka kwenye sanduku la bibi yake mzaa baba, tena mbele ya watu. Hapo ndipo anakuwa wao. Na ili mende na nondo wasizitoboe, Mama Dena hutia katikati ya mikunjo vile vidonge vyeupe vya naftalini, hatii viwili vitatu, hutia konzi nzima. Sanduku lile likifunguliwa machozi yanakutoka. Kwao harufu ile ni harufu ya heshima. Ukiisikia mlangoni unajua ndani kuna mjukuu.

Mwana wa kwanza wa Easter aliitwa Sanga, jina la babu yake. Alizaliwa mnene, mwenye kelele. Mama Dena akaja Kibarani mwenyewe na mfuko wa leso. Mtoto akafungwa, moja ya chini, moja ya juu, na ya tatu ya kumfunika kichwa, akalazwa chumba cha ndani, madirisha yamefungwa asipigwe na upepo. Tulikwenda kumwona tukasifu jinsi alivyofungwa vizuri. Haikupita wiki akaacha kunyonya. Macho yakawa manjano, kisha ngozi, kisha akawa analia kilio chembamba ambacho sitaki kukikumbuka. Alipofikishwa hospitali mwili ulikuwa umekakamaa. Wakamzika njia ya Ganze, pembeni mwa kaburi la babu yake.

Matanga hayakuwa yameisha Jefwa alipouliza, mbele ya watu, kama si kweli kwamba ndugu zake Easter nao walikufa hivyo hivyo. Kahonzi alikuwa amekaa mkekani na wanawake wengine. Aliinuka taratibu, akachukua viatu vyake mkononi, akatoka. Jefwa akasema mama huyo asikanyage tena bomani, kwani amekuja na mambo yake na ameyaacha kwao. Dena alinyamaza, akitazama chini. Hilo mimi sijamsamehe, na nimemwambia.

Easter alipopata mimba ya pili, hakumwambia mtu mpaka tumbo likajisemea lenyewe. Wakati huo kliniki yetu ilikuwa imepata wageni, watu wa utafiti, ambao mji huu umewazoea kama ulivyozoea watalii. Safari hii walikuwa wanatafuta akina mama wajawazito. Walitaka kujaribu kipimo kipya cha damu ya kitovu, ambacho majibu yake yanatoka kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na tiba mpya ya manjano ya watoto wachanga, blanketi linalotoa mwanga wa buluu, la kumfungia mtoto huku mama anamnyonyesha badala ya kumwacha peke yake chini ya taa.

Uvumi ulianza hata kabla hawajamaliza kusalimia. Damu inapelekwa ng'ambo. Damu inauzwa kwa chupa. Kuna jirani aliyetuapia kwamba binamu yake alitolewa damu kidogo tu na hajanenepa tena mpaka leo. Easter alikuwa anakoroga mbaazi. Akasema, "Kama damu yangu ina soko, basi mniache niende nikaipangie bei mwenyewe." Akavua aproni, akaniambia nifunge cherehani nimsindikize.

Mtafiti aliyetupokea aliitwa Nyakio, mwanamke kijana kutoka bara, mwenye miwani na Kiswahili cha harakaharaka. Alianza kutueleza habari za hiari na haki, kwamba tunaweza kukataa. Easter akamkatiza.

"Dada, damu nitakupa. Lakini majibu yake utaniambia mimi, mdomo kwa mdomo, kabla hujamwambia mume wangu wala bosi wako. Mtoto wangu wa kwanza alitolewa damu siku aliyokufa. Hakuna aliyerudi kuniambia neno."

"Hiyo ni haki yako," Nyakio akasema.

"Najua ni haki yangu. Nataka nikusikie ukisema utafanya."

"Nitafanya," Nyakio akasema.

Na alifanya, nampa sifa yake. Damu ya Easter ilipopimwa alituita, akafunga mlango, akaweka simu yake mbali, akaanza kueleza polepole mpaka hata mimi nikaelewa. Ndani ya kila chembe nyekundu ya damu kuna kitu kinaitwa kimeng'enya. Viko vya aina nyingi, kila kimoja na kazi yake, na hiki alichokuwa anakisema, ambacho wenyewe wanakiita ji-siksi-pi-di, kazi yake ni kuikinga chembe isipasuke inaposhambuliwa. Katika pwani hii kuna watu wengi waliozaliwa wakiwa na upungufu wake. Wanalima, wanazaa, wanazeeka, hawajui kama wanao. Lakini mmoja wao akikutana na kitu kinachoishambulia damu, zile chembe zinapasuka kwa wingi. Mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, macho yanakuwa manjano. Kwa mtoto mchanga, hayo manjano yakizidi hupanda hadi kwenye ubongo.

"Wewe unao kwa upande mmoja," Nyakio akasema. "Mwanamke amepewa pande mbili, kwa hiyo ule upande mzima mara nyingi unatosha kukusaidia. Mwana wa kiume amepewa upande mmoja tu, na anaupata kwa mama."

"Kwa mama," Easter akarudia.

"Ndiyo. Lakini ngoja, usiichukue vibaya. Upungufu huu haukuenea hapa pwani bure. Wengi wetu tunaamini umekuwa ukiwakinga watu na malaria kali tangu zamani. Kwa hiyo pengine mabibi zako walipona kwa sababu ya damu hii."

"Na wana wetu wa kiume wakafa kwa sababu yake."

"Damu peke yake kwa kawaida haimuui mtu. Ni ile damu na kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Dawa fulani za malaria, si zote. Dawa fulani za salfa. Ndiyo maana mtoto kama huyu hapewi dawa ya dukani hivihivi. Na kwa wachanga kuna kitu kingine ambacho watu hawakifikirii kabisa. Vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo. Naftalini. Ule mvuke unaingia kwa pumzi, unaingia kwa ngozi."

Easter akashika ukingo wa meza. Mimi tayari nilikuwa naisikia ile harufu puani, pale pale ofisini, ingawa haikuwepo.

"Mtoto wangu wa kwanza alifungwa leso zilizotoka humo," akasema.

Nyakio akavua miwani. "Siwezi kukuapia kwamba ndiyo sababu, maana hakupimwa kimeng'enya hiki. Lakini ukiniuliza ninavyofikiri, nafikiri ndiyo."

Tulirudi kwa miguu. Nilitegemea atalia, nikawa nimetayarisha leso yangu. Hakulia. Alikuwa na hasira hata kivuli chake kilikuwa na hasira. Tulipofika karibu na nyumbani akasimama katikati ya njia na kusema, "Mama yangu amekaa pembeni maisha yake yote, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuuliza hao watoto walifungwa nini, walipewa nini."

Mwisho wa juma ule Dena alirudi kutoka Mariakani. Kuta zetu ni nyembamba, nami sijifanyi kwamba sikusikiliza. Easter alimweleza yote. Dena akaanza kumbembeleza.

"Sikatai, mke wangu. Mtoto akizaliwa tutasema daktari amekataza leso, ana ngozi nyepesi. Tutasema lolote. Lakini usimwambie mama kwamba ni sanduku. Itamuua."

"Na wao wataendelea kusema ni mama yangu."

"Wameshasema. Maneno hayaui."

"Haya. Na mtoto wa Pamela?"

Pamela ni mke wa mdogo wake Dena, naye pia alikuwa mjamzito.

"Pamela hajapimwa," Easter akasema. "Unajua ana damu gani? Mimi sijui. Sanduku lipo, linamngoja. Unataka ninyamaze mpaka tumzike wa pili ndipo tuseme?"

Nilisikia mlango ukifunguliwa na Dena akitoka kukaa uani. Alikaa huko mpaka chai ikapoa.

Mtoto alizaliwa Kilifi, wa kiume. Damu ya kitovu ilichukuliwa pale pale, na kabla ya jioni Nyakio alikuwa kando ya kitanda akiwa na majibu: kimeng'enya ni kidogo sana. Siku ya pili macho yakaanza kugeuka rangi. Safari hii hakuna aliyesubiri. Walimfunga lile blanketi la mwanga, na Easter akawa amempakata, uso wake mwenyewe umekuwa wa buluu, ananyonyesha na kuwauliza wauguzi maswali hadi wakawa wanapita mbali na kitanda chake. Manjano yakashuka. Mama Dena alikuja na mfuko wake, wakamzuia mlangoni kwa sababu ya kanuni za wodi. Alimwona mjukuu kwa dirisha tu, amefungwa mataa ya watu. Aliondoka ameumia, na mimi nilimwonea huruma, kwa sababu hakuwa ameambiwa kitu.

Mtoto alipopata nguvu, Jefwa akatuma neno. Mtoto aletwe bomani afungwe leso na apewe jina. Asipoletwa, wataelewa kwamba Easter ameamua kubaki na mtoto wake na mambo ya kwao.

"Tutakwenda," Easter akasema. "Na mama yangu atakwenda."

Nilimshonea mtoto blanketi la pamba mpya, nikalifua mara mbili kwa sabuni ya kipande na kulianika juani. Tukaondoka sisi wanne na mtoto: Dena, Easter, Kahonzi na mimi. Lakini tulipofika njia panda, penye duka, Kahonzi akasimama. Akasema yeye atangoja hapo, hataki kuharibu siku ya mtoto. Easter alibishana naye, wapi. Mwenye duka akamgeuzia kreti tupu ya soda akae. Tukamwacha hapo, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Harufu ilitupokea kabla hatujaona watu. Sanduku lilikuwa limetolewa nje, liko wazi katikati ya ua, na watu wameketi mikekani kulizunguka. Mama Dena alikuwa amekwisha kuchagua leso yake, nyekundu na nyeupe, imeiva rangi. Uso wake ulikuwa umekunjuka kwa furaha. Easter akasimama mlangoni mwa ua, hakusogea.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba. Shikamooni nyote."

"Marahaba, mwanangu," Mama Dena akasema. "Mlete."

"Simleti, mama. Naomba sanduku lifungwe kwanza, lirudishwe ndani."

Jefwa akageuza kiti. "Unasemaje?"

"Nasema mtoto hatasogea hapo sanduku likiwa wazi."

Mama Dena akaitazama leso mikononi mwake, akaigeuza huku na huku kama anayetafuta doa. "Leso zangu zina nini?"

Dena alimtazama mkewe kwa macho ya kuomba. Easter akampa mtazamo mmoja, kisha akageukia watu na kusema lote. Hakupaza sauti. Mimi nilimzoea akipiga kelele kwa ajili ya nazi, na ule utulivu ulinitia hofu. Alisema habari ya kimeng'enya, ya kipimo, ya vidonge, ya leso tatu na madirisha yaliyofungwa.

"Unaniambia nilimuua Sanga," Mama Dena akasema.

"Sikwambii hivyo. Hukujua, nami sikujua. Mimi ndiye niliyemlaza ndani ya leso zile, nikaona raha jinsi alivyopendeza. Tulimfunga kwa mapenzi, mama, wewe na mimi. Lakini sasa najua. Nikinyamaza leo, hapo ndipo nitakuwa muuaji."

"Mbona wanangu nimewafunga humu humu, wote wapo? Dena huyo hapo."

"Kwa sababu damu yao haina upungufu huu. Ya mwanangu inao. Ameupata kwangu."

Jefwa akapiga kofi moja, akainuka. "Haya, mmesikia wenyewe. Imetoka kwao. Tulisema siku ile tukaonekana wabaya, na leo hata maabara imesema."

Nilimwona Dena akifumba macho. Mimi nilitamani tugeuke tuondoke. Easter alimpandisha mtoto begani, akamsogelea Jefwa hatua chache, kando ya upepo uliokuwa ukileta harufu.

"Ndiyo, baba. Imetoka kwetu. Imetoka kwa mama yangu, ikaja kwangu, ikaenda kwa huyu. Nimepimwa, nimeambiwa, wala siioni aibu hata kidogo. Sasa nami nikuulize. Wewe huli kamba."

"Hilo linahusu nini hapa?"

"Huli kamba. Ukila unavimba, pumzi inakata. Ulizaliwa hivyo, na kuna aliyekuzaa. Boma hili lilimrudisha mama yako kwao? Lilisema anakula wana? Halikusema. Liliwaondoa kamba. Nyumba nzima, watoto kwa wakubwa, hawali kamba ili baba yao Jefwa apumue, na hakuna aliyeona tabu. Basi mfanyieni mwanangu mlivyokufanyia wewe. Mimi siombi zaidi ya hapo. Ondoeni naftalini."

Nyuma yetu bibi mmoja alicheka, kisha akaziba mdomo kwa leso. Jefwa alisikia. Shingo ikamjaa mishipa.

"Mtoto asiyefungwa leso ya sanduku si wa nyumba hii," akasema. "Na jina la Sanga halipati."

"Basi atalikosa," Easter akasema. "Atalikosa jina, lakini atakua. Yule mwingine mlimpa."

Mama Dena ndiye aliyesogea. Aliikunja ile leso nyekundu na nyeupe, akafuata mikunjo yake ya zamani, akairudisha sandukuni. Akafunga kifuniko, akatia komeo. Akawaita vijana wawili wakalibeba kulipeleka ghalani, nyuma kabisa ya nyumba. Kisha akasimama mbele ya watu wote na kuanza kufungua leso aliyojifunga kiunoni, leso ya kila siku, iliyopauka hata maandishi yake hayasomeki. Chini yake gauni lilikuwa na tundu la kuungua, kubwa kama kiganja, ambalo sasa kila mtu aliliona. Mwanamke yule msafi hakulificha.

Akamfuata Easter, akamnyooshea ile leso. "Hii haijawahi kuingia sandukuni. Naifua kwa sabuni ya kipande, naianika juani. Nusa mwenyewe."

Na Easter, mbele ya wakwe zake wote, akainusa. Aliinusa mbele na nyuma, pindo kwa pindo, kama anayenunua samaki wa jana.

"Inanuka moshi," akasema.

"Wa jikoni," Mama Dena akasema. "Huo nao unakatazwa?"

"Huo haukukatazwa."

Mama Dena akanyoosha mikono ampokee mtoto. Easter hakumtoa.

"Ya mtoto nimeridhika, mama. Bado ya mama yangu. Yuko pale njia panda, amekaa kwenye kreti ya soda."

"Nilisema mtu huyo asikanyage hapa," Jefwa akasema.

Mama Dena hakumgeukia. "Wewe ulisema, Jefwa. Mimi sijasema. Mjukuu ni wangu na ua huu naufagia mimi." Akaitupia ile leso begani, akatoka.

Nilimfuata. Alitembea upesi, gauni lake lenye tundu linapepea, na watu wa njiani wakamsalimia bila kujua waangalie wapi. Kahonzi alituona tukija. Alipomtambua aliinuka kutoka kwenye kreti yake, akaokota viatu, akaanza kurudi nyuma.

"Kahonzi," Mama Dena akaita. "Usiondoke, ndugu yangu. Njoo unisaidie kumfunga Sanga."

Kahonzi alisimama pale viatu mkononi. Alinitazama mimi kwanza, kuona kama kuna mchezo. Kisha akamuuliza, kwa ile sauti yake ndogo, "Naruhusiwa kumshika?"

Mama Dena alilia wakati huo, hadharani, bila kujifuta. Akamshika mkono, wakaenda hivyo mpaka bomani, na mimi nyuma yao nimebeba viatu vya Kahonzi, maana aliviacha vikaanguka.

Jefwa alikuwa amekwisha kuondoka, kiti chake kitupu. Easter alikuwa amesimama pale pale tulipomwacha, jua limempiga, mtoto begani. Alimtoa mtoto akampa mama yake. Mama Dena akainama na ile leso iliyopauka, akaanza kufunga. Tukamsikia Kahonzi akisema, kwa sauti iliyofika hadi mikeka ya nyuma, "Kaza hapo chini, miguu inabaki nje."